Mkataa Kwao na Mkataliwa Kwao: Simulizi za Vijana Wasio na Makazi



Naushukuru uongozi wa Chuo kwa kukubali mhadhara huu utolewe hapa Namanyere badala ya ukumbi tuliouzoea. Sikuliomba jambo hilo kwa ajili ya mabadiliko ya hewa, ingawa hewa ya Ufipa haina mshindani. Niliomba kwa sababu mada yenyewe ina mizizi katika uwanda huu na katika mwambao wa ziwa ulio chini yake, na nilitaka wenye mizizi hiyo wawepo ninapokosea ili wanirekebishe papo hapo.

Mada ni simulizi za vijana ambao wamewahi kuishi bila makazi: waliolala stendi, sokoni, mialoni, kwenye baraza za maduka ya watu. Siku hizi tunasikia mara kwa mara kwamba kijana wa namna hiyo akipewa nafasi ya kusimulia maisha yake anapata nguvu. Kauli hiyo husemwa kwa wepesi mno, kana kwamba kusimulia ni dawa ya kumeza mara tatu kwa siku. Mimi ni mwanaisimu, si tabibu wala ofisa wa ustawi wa jamii. Ninachoweza kufanya ni kuuliza swali la fani yangu: katika lugha hii ya Kiswahili, ni kitu gani hasa hutokea mtu asiye na kwao anapofungua kinywa na kuanza kusimulia? Nguvu hiyo, kama ipo, inakaa wapi katika lugha?

Kwao ni wapi?

Nianze na neno dogo. Kiswahili kinayo nomino nyumba, makazi, maskani na makao. Lakini mtu anapotaka kujua asili ya mwenzake hatumii hata mojawapo ya hizo. Huuliza: “Kwenu wapi?” Naye hujibiwa: “Kwetu Kirando,” au “Kwetu Chala.” Umbo hilo halina nomino ndani yake. Ni kiambishi cha mahali ku- kilichounganishwa na kimilikishi, na kimilikishi chenyewe ni cha wingi. Mtu anaweza kusema kwangu, akimaanisha nyumba anayoitawala yeye, lakini asili yake haiwi kwangu. Ni kwetu hata kama anasema peke yake, usiku, hana mtu ubavuni.

Kwa hiyo Kiswahili hakimwoni asiye na makazi kama mtu aliyepungukiwa na ukuta na paa tu. Tunaposema hana kwao, tunasema amepungukiwa na nafsi ya wingi. Kijana anayejibu “Sina kwetu” anatoa sentensi nzito kuliko inavyosikika, maana anatamka wingi na kuukana kwa wakati mmoja. Anayefanya utafiti kwa hojaji yenye kisanduku cha “anwani ya makazi” hataliona hilo kamwe.

Sasa tazameni maneno ambayo jamii imempa kijana huyo. Mzururaji ni neno la sheria na la polisi. Mhuni, ambalo leo ni tusi, katika kamusi za zamani lilimtaja mtu anayetangatanga, asiyetulia wala kufungamana na nyumba. Mwanahistoria Andrew Burton, katika kitabu chake cha mwaka 2005 kuhusu Dar es Salaam ya wakati wa ukoloni, ameonyesha jinsi watawala wa Kiingereza walivyolishika neno hilo wahuni na kulifanya jina la tabaka zima la vijana wa Kiafrika waliokuwa mjini bila kazi iliyotambuliwa, ili wakamatwe na kurudishwa makwao. Uhuru haukuifuta dhana hiyo. Wengi wenu mnakumbuka, au mmesimuliwa na wazazi wenu, juu ya kampeni ya Nguvu Kazi ya mwaka 1983, watu walipokamatwa mijini na kupelekwa vijijini kwa kosa la kutokuwa na kazi ya kueleweka. Swali la “Kwenu wapi?” lilikuwa limegeuka kuwa swali la askari.

Huko Kenya kuna chokoraa, neno linalohusiana na kitenzi chokora, yaani kuchokoachokoa. Mtoto ametajwa kwa kile anachofanya kwenye jaa. Nasi Tanzania tuna mtoto wa mitaani, ambalo tunadhani ni neno la upole. Naomba wanafunzi wa sarufi wakiangalie hicho kiunganishi wa. Mtoto wa Juma ni mtoto ambaye Juma ni babaye. Mtu wa Ufipa ni mtu ambaye Ufipa ni asili yake. Basi mtoto wa mitaani ni mtoto ambaye mtaa umemzaa. Kwa herufi mbili tu tumewaondolea wazazi, ukoo, kijiji na serikali dhamana yao, tukaukabidhi mtaa. Kamati ya Umoja wa Mataifa ya Haki za Mtoto, katika maoni yake ya jumla namba 21 ya mwaka 2017, ililazimika kuchagua istilahi inayozungumzia watoto walio katika hali ya mitaani, yaani mtaa uwe hali ya kupita, usiwe mzazi. Napenda istilahi hiyo kwa maana yake, ingawa kwa masikio ya Kiswahili ni nzito kama gunia la mahindi mabichi. Tutapata iliyo bora zaidi. Kazi hiyo ni yenu.

Methali iliyosahau kauli ya kutendwa

Wahenga wametuachia methali: Mkataa kwao ni mtumwa. Kila mwalimu wa Kiswahili ameifundisha. Tunaifafanua kama onyo kwa anayedharau asili yake, na ufafanuzi huo ni sahihi kwa kadiri unavyokwenda. Lakini tazameni umbo lake. Mkataa ni jina la mtendaji. Methali inadhani kwamba aliye nje ya kwao ametoka kwa hiari, amekataa mwenyewe. Methali haina nafasi ya mkataliwa kwao: yule aliyefukuzwa na baba wa kambo, aliyebaki baada ya mazishi ya wazazi na kukuta shamba limekwisha gawanywa, aliyeitwa mchawi angali mtoto. Mnajua wenyewe kwamba jina la mji wetu mkuu wa mkoa, Sumbawanga, hufasiriwa kuwa ni amri ya kutupa uchawi. Mara nyingine kinachotupwa ni mtu.

Historia ya sehemu hizi inaipinga methali hiyo waziwazi. Katika karne ya 19 ukanda wote baina ya Ziwa Tanganyika na Ziwa Nyasa ulipitiwa na biashara ya watumwa. Waliokuwa watumwa hawakuwa wamekataa kwao. Walikuwa wamenyang’anywa kwao. Na ni jambo la kushangaza kwamba baadhi ya watoto hao walikua, wakazeeka, wakasimulia. Mwanahistoria Marcia Wright alikusanya simulizi kadhaa za namna hiyo katika kitabu kilichotoka mwaka 1993, nyingi zikiwa za wanawake. Mmoja wao, aliyejulikana kama Mama Meli, alitekwa angali mtoto mdogo, akapita mikononi mwa mabwana zaidi ya mmoja kabla ya kufika misheni. Anayesoma simulizi hizo huona kwamba hofu kuu ya wasimulizi haikuwa kazi ngumu wala njaa. Ilikuwa hofu ya kubaki bila mtu wa kumwita ndugu, kwa sababu mtu asiye na ndugu ndiye aliyeuzwa kwanza siku deni lilipotakiwa kulipwa.

Kuna mwingine ambaye jina lake wengi wenu mnalitaja kila mnapougua. Hospitali ya Dakta Atiman iko Sumbawanga. Lakini nikiwauliza wanafunzi Atiman alikuwa nani, wengi hunijibu kwamba alikuwa padre wa Kizungu. Hakuwa padre wala Mzungu. Adrian Atiman alizaliwa kando ya Mto Niger, katika nchi ambayo leo inaitwa Mali. Alitekwa angali mtoto akivushwa jangwa la Sahara kuelekea kaskazini, na huko Algeria akakombolewa na Wamisionari wa Afrika, wale tuliozoea kuwaita Mapadre Weupe. Walimsomesha, akajifunza utabibu katika kisiwa cha Malta. Mwaka 1889 alifika Karema, kwenye ufuko wa Ziwa Tanganyika, kituo ambacho Wabelgiji walikuwa wamekiacha mikononi mwa mapadre hao mwaka 1885 na ambako watoto waliokombolewa kutoka utumwani walikuwa wakilelewa. Akaoa hukohuko. Akatibu watu wa mwambao na wa uwanda huu kwa zaidi ya miaka 60, hadi alipofariki mwaka 1956. Hakurudi tena Niger kuishi. Alipata kwetu mpya.

Mwaka 1946 jarida la Tanganyika Notes and Records lilichapisha maisha yake kama alivyoyaeleza yeye mwenyewe. Nawaomba wanafunzi wa isimu mlisome andiko hilo kama matini, wala msiishie kulisoma kama historia ya dini. Hapa pana mzee wa miaka karibu 80, tabibu anayeheshimiwa, akimsimulia mtoto aliyekuwa akiburutwa jangwani, na wote wawili wanaitwa mimi. Nafsi ya kwanza inabeba watu wawili walio mbalimbali kabisa, na inawafanya kuwa mtu mmoja. Hakuna mganga, hakimu wala mfadhili anayeweza kumfanyia mtu kazi hiyo. Sarufi humwezesha, lakini lazima aitamke mwenyewe.

Nafsi, njeo na neno “nikajikuta”

Hapa ndipo fani yangu inapokuwa na la kusema, nami naomba mnivumilie nikikaa kidogo.

Fikirini kijana anayeulizwa na ofisa, akiwa na fomu mezani, kwa nini aliondoka nyumbani. Fomu ina mstari mmoja: “Sababu ya kuondoka.” Kijana atajibu “ugomvi”, au “maisha magumu”, au “wazazi walifariki”. Jibu hilo ni nomino au kishazi kifupi, nalo linamweka ndani ya kundi: yatima, mtoro, mkaidi. Sasa mwacheni kijana huyohuyo asimulie kwa wenzake jioni. Atatumia -li- mara moja au mbili ili kuweka jukwaa, kisha atashika -ka- na kwenda nayo: nikatoka, nikapanda, nikashuka, nikamkuta, akaniambia, nikakataa. Wanasarufi wanaiita -ka- ya mfululizo. Kazi yake si kutaja tukio tu. Ni kulifunga kila tukio kwenye lile lililotangulia, bila kudai kwamba la kwanza ndilo lililosababisha la pili. Fomu inataka sababu; -ka- inatoa mwendo. Na maisha ya mtu aliyetangatanga yana mwendo mwingi kuliko sababu.

Tazameni pia kauli za vitenzi. Msimulizi anayeanza kwa nilifukuzwa, nikachukuliwa, nikapelekwa, nikapigwa yuko katika kauli ya kutendwa tangu mwanzo hadi mwisho. Yumo katika kila sentensi, lakini hatendi. Tena watendaji wametoweka, kwa sababu kauli ya kutendwa inaruhusu kumwacha mtenda nyuma ya pazia: nilipigwa, bila na nani. Kusimulia mara ya pili na ya tatu, mbele ya wasikilizaji wanaouliza “Enhe, halafu?”, hubadilisha mgawanyo huo polepole. Nikachukuliwa inafuatwa na nikatoroka. Nikapigwa inapata mtenda. Sidai kwamba kubadilisha kauli ya kitenzi kunajenga nyumba. Nadai tu kwamba mtu ambaye katika simulizi yake mwenyewe hatendi lolote atapata shida kuamini kwamba kesho anaweza kutenda, na kwamba lugha ndiyo sehemu ya kwanza, na pengine ya bei nafuu kuliko zote, ya kufanyia mazoezi.

Kisha kuna neno nikajikuta. Msikilizeni yeyote anayesimulia maisha ya kutangatanga: nikajikuta mjini, nikajikuta stendi, nikajikuta nimelala mwaloni. Kwa umbo lina mtenda na mtendwa ambaye ni yeye yule, kwa kirejeshi -ji-. Kwa maana, halina mtenda kabisa. Mtu anajiokota mahali kana kwamba ameangushwa kutoka angani. Nimeshuhudia watafiti vijana, wenye bidii na kinasa sauti kizuri, wakiliona neno hilo kama tundu katika data na kuuliza: “Ulijikutaje?” Ndugu zangu, msiulize hivyo. Nikajikuta ni mlango ambao msimulizi ameufunga kwa adabu. Nyuma yake pana usiku mmoja au mwaka mzima ambao hajaamua kuwapa wasikilizaji. Lugha imempa neno la kuvukia mahali hapo bila kusema uongo, na haki ya kulitumia ni sehemu ya nguvu tunayoizungumzia. Siku atakapotaka, atalifungua mwenyewe.

Uwongo njoo, utamu kolea

Mapokeo yetu ya fasihi simulizi yalilijua jambo hilo kabla ya wanasaikolojia. Mtambaji haanzi hadithi kabla ya kuwaita hadhira, na hadhira haimjibu kwa kumwapisha aseme ukweli mtupu. Inamjibu: hadithi njoo, uwongo njoo, utamu kolea. Hilo ni patano. Kwa patano hilo fanani anapewa ruhusa ya kusema jambo kubwa bila kuulizwa ushahidi, na kusema juu yake mwenyewe kwa kujificha ndani ya sungura, ndani ya yatima, ndani ya palikuwa na mtu mmoja. Roy Willis, mwanaanthropolojia aliyekaa na Wafipa, alichapisha mwaka 1978 mkusanyiko wa sanaa yao ya usemi, na jina alilolipa kitabu chake ni sawasawa na hayo maneno, Palikuwa na Mtu Mmoja. Mtu mmoja huyo anaweza kuwa yeyote, na kwa hiyo anaweza kuwa mimi.

Tena hadithi ya msingi ya Ufipa yenyewe ni hadithi ya wageni wasio na makazi. Wazee mliopo mnaijua kuliko mimi, na Willis ameijadili kwa kina. Mfalme Ntatakwa wa Milansi yuko mbali, mawindoni. Wanatokea wanawake wageni, watu wa safari ndefu wasio na nchi, wanaomkuta mke wa mfalme nyumbani. Naye, ingawa alikuwa ameonywa, anawaachia kiti cha enzi. Hao ndio chimbuko la ukoo wa Watwa waliotawala, ambao wasichanganywe na Watwa wa misituni, na kutokana nao zikaja dola mbili za karne ya 19, Lyangalile na Nkansi. Wilaya hii imerithi jina la dola ya pili. Milansi ikabaki na heshima yake ya kikuhani. Katika hadithi hiyo utawala haukutwaliwa kwa mkuki. Ulitwaliwa kwa kufika, kuketi na kuzungumza. Sijui kama kuna jamii nyingi duniani zinazosimulia bila haya kwamba watawala wao walikuwa wapita njia wasio na pa kulala. Walimu wa Nkasi, mnayo hadithi hii mikononi. Kijana aliyelala stendi anastahili kuisikia shuleni.

Upande wa fasihi andishi, Shaaban Robert alitupatia katika Kusadikika, mwaka 1951, mshitakiwa aitwaye Karama. Karama hajitetei kwa kukana mashitaka. Anasimulia. Siku baada ya siku anawaeleza waamuzi visa vya wajumbe sita waliotumwa pande sita, wakarudi na manufaa na kulipwa kifungo. Mwishoni anaachiwa yeye, na wafungwa aliowasimulia wanaachiwa pia. Wahakiki wameisoma sana riwaya hiyo kama siasa. Mimi naisoma pia kama nadharia ya usimulizi: Karama anajitetea kwa kusimulia habari za wengine. Kijana asiye na kwao ambaye tunamlazimisha kila mara aseme “mimi, mimi, mimi” tumemnyima njia hiyo.

Hatari za kusimulishwa

Nimetumia makusudi kauli ya kutendeshwa na kutendwa kwa pamoja: kusimulishwa. Kwa maana kuna kusimulia, na kuna kusimulishwa.

Mwaka 1845 Frederick Douglass, Mmarekani Mweusi aliyetoroka utumwani, alichapisha maisha yake. Alikuwa amekwisha kupanda majukwaani miaka kadhaa, na baadaye aliandika kwamba baadhi ya marafiki zake Wazungu walitaka yeye atoe visa tu, falsafa wataitoa wao. Walitaka pia asiseme kwa ufasaha mno, ili watu wasitilie shaka kwamba aliwahi kuwa mtumwa. Kitabu chake kilipotaja majina na mahali, ilimbidi akimbilie Ireland na Uingereza kwa kuogopa kukamatwa na bwana wake. Uhuru wake ulinunuliwa mwaka 1846. Hapo mna hatari mbili zilizokomaa. Ya kwanza, msimulizi anageuzwa kuwa mtoa malighafi, na wengine wanakuwa wenye kiwanda. Ya pili, simulizi ya kweli inaweza kumrudisha mtu mikononi mwa aliyemkimbia.

Karibu nasi zaidi, Liisa Malkki alifanya utafiti mnamo 1985 na 1986 katika makazi ya wakimbizi wa Burundi wa mwaka 1972 huko Mishamo, ambako wakati huo kulikuwa ndani ya Mkoa wa Rukwa na tangu mwaka 2012 kuko Katavi. Aliwakuta watu wa kambini wakisimulia bila kuchoka historia yao ya pamoja, iliyowapa hadhi na umoja. Lakini alizungumza pia na wakimbizi waliokuwa Kigoma mjini. Hao hawakusimulia. Walibadili majina, walioa na kuolewa, walijifunza kuzungumza kama majirani, wakaishi. Nani kati yao alikuwa na nguvu zaidi? Kitabu cha Malkki, kilichotoka mwaka 1995, hakinipi ruhusa ya kujibu kwa haraka. Kimya nacho ni stadi ya lugha. Mwaka 2014 Tanzania ilipowapa uraia watu wapatao 162,000 wa kundi hilo la 1972, kimya cha wengine kilikuwa kimekwisha kuwazalia wajukuu wasiojua lugha nyingine isipokuwa Kiswahili.

Nayasema haya kwa sababu nimeona vijana waliofundishwa kusimulia kwa wageni. Wanajua mahali pa kushusha sauti. Wanajua kwamba mgeni anataka mama aliyekufa, na mama akiwa hai wanamwua. Simlaumu kijana, kila fanani husoma hadhira yake. Namlaumu mwenye kuweka hadhira ya aina moja tu, inayolipa kwa machozi.

Kuleana, kusema, na lugha ya stendi

Kuna waliofanya vizuri zaidi. Mwaka 1992 kilianzishwa Mwanza kituo cha haki za watoto kilichoitwa Kuleana, na mwaka huohuo Dogodogo huko Dar es Salaam. Jina la kituo cha Mwanza linanifurahisha hadi leo: kulea yenye kiambishi cha kutendana. Katika kulea kuna mlezi juu na mlelewa chini. Katika kuleana kila mmoja ni mlezi. Vijana wa Dogodogo, kwa upande wao, walitunga kitabu cha maisha yao na kukichora wenyewe. Naye Penina Mlama na Amandina Lihamba, kutoka Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, walianza mwaka 1996 mradi wa Tuseme, ambamo wasichana wa sekondari walichambua matatizo yao na kuyaonyesha kwa sanaa za maonyesho. Wasichana hao hawakuwa wa mitaani, lakini mbinu inafaa, na umbo la jina ni lilelile tulilolizungumza: tu-, wingi. Haikuitwa Niseme. Kijana aliyepoteza kwetu hapati nguvu kwa kuongezewa mimi. Hupata nguvu anaposimulia ndani ya sisi fulani, hata kama sisi hiyo ni ya watu watano walioketi juu ya magunia wakisubiri mabasi.

Na hao watano watasimulia kwa lugha gani? Hapa natofautiana na baadhi ya wenzangu, nao wapo humu ndani, hivyo mtawasikia. Kijana aliyepanda kutoka Kipili au Kabwe huenda alilelewa kwa Kifipa, akasoma Kiswahili sanifu miaka michache, akakomaa kwa Kiswahili cha vijiweni, kile ambacho Uta Reuster-Jahn na Roland Kießling walikielezea kwa kina mwaka 2006 kwa jina la Lugha ya Mitaani. Anaposimulia hupita katika zote tatu. Mwalimu mwenye kalamu nyekundu atamsahihisha katika sentensi ya pili, na hatasikia ya tatu. Nimetumia maisha yangu yote kukitetea Kiswahili sanifu na sina nia ya kuacha leo. Lakini usanifu ni nyumba ya wageni. Mtu huingia akiwa amekwisha kuvaa. Simulizi ya kwanza na inaswe kama ilivyotamkwa, pamoja na nikajikuta zake na misemo yake yote. Kusanifisha kutafuata, ikiwa msimulizi mwenyewe anataka kuchapishwa, naye awe ameketi kando ya mhariri.

Jambo la mwisho ni la umiliki. Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999 inalinda sanaa za jadi kama mali ya jamii. Ni sheria njema kwa hadithi za Milansi. Lakini simulizi ya kijana wa stendi si ya jadi, na jamii ambayo ingeidai ndiyo iliyomkataa. Wanafunzi wetu huja na vinasa sauti, hurudi chuoni, hupata shahada. Sauti hubaki katika kabati za idara ambazo msimulizi hataziona. Kwa hiyo nimeiandikia Idara mapendekezo matatu, nami nayasoma hapa ili yasipotee katika faili. Kila anayerekodiwa apewe nakala ya sauti yake kabla mtafiti hajaondoka mjini. Awe na haki ya kuliondoa jina lake, au simulizi yote, hata baada ya tasnifu kupita. Na nakala moja ya kila mkusanyiko wa Nkasi ihifadhiwe hapahapa Nkasi, mahali ambapo mtu anaweza kuingia bila kitambulisho cha chuo.

Idara haijajibu. Mkuu wa Idara yupo mstari wa mbele, na nina hakika atajibu kabla hatujanywa chai.

Nimemaliza sehemu yangu. Muda wa maswali ni nusu saa, na ningeomba mwenyekiti aanze na wale waliosimama kule nyuma karibu na mlango, kwa Kifipa au kwa Kiswahili chochote walicho nacho.